Siku Tatu Hangzhou kwa Bwana na Bibi

Mgeni aliingia dukani bila kubisha hodi, akatazama huku na huku, kisha akakaa juu ya choo.

Sikushangaa. Wateja wote wa agensi yangu walipaswa kukaa pale, ingawa mpaka asubuhi ile sikuwa nimepata hata mmoja. Agensi ilikuwa meza moja kwenye kona ya duka la vifaa vya ujenzi la mjomba wangu, Tata Kabamba, hapa Kolwezi, kati ya ndoo za rangi na mabomba ya plastiki. Nilipomaliza masomo ya utalii Lubumbashi, mjomba alinipa kona ile na kusema viti ninunue mwenyewe. Viti sikununua. Kulikuwa na choo kipya cha kukalia, cheupe, bado kimefungwa nailoni, na mtu akikaa juu ya kifuniko chake anastarehe kabisa. Ukutani nilibandika karatasi niliyoiandika kwa mkono wangu: UPENDO VOYAGES. SAFARI ZA BWANA NA BIBI. DUNIA YOTE. MUULIZE GUELORD, MTAALAMU.

Mgeni alikuwa Mchina wa miaka hamsini hivi, amevaa ovaroli ya bluu, na mikono yake ilikuwa na grisi mpaka kwenye viwiko. Nilidhani amefuata valvu, kama Wachina wote wa migodini wanaoingia humu. Nikamwonyesha mjomba kwa kidole.

"Valve niko nazo mingi," akasema, kwa Kiswahili kitupu cha Musonoi, mtaa wa migodini, ambako ndiyo huwa njo. "Minatafuta wewe. Njo wewe Guelord, mutaalamu?"

"Njo mi, tata."

"Minataka safari ya bwana na bibi. Siku tatu. Bwana ni mi. Bibi ni bibi yangu."

Moyo wangu uliruka. Nikafungua daftari jipya. "Muzuri sana, tata! Munataka kwenda wapi? Maporomoko ya Zambia? Cape Town?"

"Chine."

Nyuma yetu mjomba aliangusha kisanduku cha misumari. "Guelord," akasema, "nasikia muzuri? Muchina anatoka Chine, anakuya Kolwezi kutuuliza njia ya Chine?"

Mgeni hakukasirika. Alisema jina lake ni Peng, fundi mkuu wa pampu kwenye karakana moja ya mgodi upande wa Musonoi, na kwamba yuko Kolwezi mwaka wa nne sasa. Mafundi wake wanamwita Tata Peng, yaani Baba Peng. Kiswahili alijifunza kwao, kwa sababu pampu ikipasuka hakuna muda wa kumtafuta mkalimani.

"Mwaka ilipita nilipata congé ya kupumzika," akasema. "Nilifika ku nyumba. Nililala siku ine. Siku ya tano nilitengeneza robinet ya cuisine. Siku ya sita nilirudia huku."

"Na bibi yako alisema nini?"

"Alisema robinet iko muzuri."

Akazungusha vidole hewani, kama mtu anayefunga bomba la jikoni. Kisha akatoa simu na kutuonyesha ujumbe mrefu wa Kichina, kana kwamba tungeweza kuusoma. Akatufasiria. Mke wake, Suzhen, anafanya kazi kwenye kiwanda cha nyuzi. Ameomba ruhusa ya siku tatu mwezi wa tatu, na anataka wakutane Hangzhou, mji ambao hawajawahi kwenda pamoja. Mkataba wa Peng unaisha mwezi wa nne. Suzhen ameandika hivi: usiniletee fundi, niletee bwana; akija fundi tena, weka sahihi mkataba mpya, ubaki huko na pampu zako, mimi sitangoja tena.

"Sasa," nikamuuliza kwa upole, "juu ya nini unakuya kwangu? Kwenu hakuna batu bakukusaidia?"

"Nikiuliza marafiki ya kwetu, batanicheka mpaka retraite, mpaka uzee. Na huku mi naona. Kila Jumamosi kuna mariage. Bwana na bibi kitenge moya, musique, mutu na micro. Batu ya Kolwezi banajua mapenzi. Mi najua pompe."

Nakiri kwamba machozi yalinilenga. Kazi yangu ya mwisho chuoni ilikuwa na kurasa themanini na nne, na kichwa chake kilikuwa "Utalii kama Daraja la Mioyo". Profesa alinipa kumi na moja juu ya ishirini na kuandika pembeni: "Mioyo ya nani?" Sasa jibu lilikuwa limekaa mbele yangu, juu ya choo.

Kwa siku tano nilisoma habari za Hangzhou kwenye simu. Nilijua ziwa lake, mashua zake, vilima vya chai na madaraja ya mawe, kama mtu anayejua uso wa mchumba wa rafiki yake. Kisha nikaandika programu. Mimi nimekulia Kolwezi, na hapa hakuna jambo la maana lisilo na programu. Asubuhi ya siku ya kwanza: kufika kwa bwana, kufika kwa bibi, neno la kukaribisha kutoka kwa bwana, neno la shukrani kutoka kwa bibi, picha ya pamoja, kuingia katika mashua, neno la ufunguzi wa mashua. Zilikuwa kurasa sita, na kila jambo lilikuwa na saa yake.

Nilimpelekea Chancelle, mchumba wangu, ambaye ni fundi cherehani na hajawahi kuniogopa. Alisoma akiwa na pini mdomoni. Akazitoa moja moja.

"Guelord, hii njo mapenzi ao njo matanga ya chef wa kijiji?"

"Ni organisation."

"Na kupumua? Batapumua saa ngapi?"

Nikaandika: saa saba, kupumua, dakika kumi. Chancelle alininyang'anya kalamu. Alifuta kurasa nne zote, na katika mbili zilizobaki aliacha mashua, kikombe cha chai mlimani, na jioni ya siku ya pili, kwenye daraja, jua likizama.

"Hapa ku daraja," akasema, "aseme."

"Aseme nini?"

"Ile hajasema miaka yote ine."

Kuhusu nguo tulikubaliana wote: sare. Chancelle alimtandazia Tata Peng vitenge vya maua, vya ndege, vya mioyo iliyochomwa mishale. Peng alivipita vyote akasimama mbele ya kimoja chenye feni, feni kubwa za manjano, safu kwa safu.

"Hii," akasema. "Iko na moteur."

"Bipimo ya bibi?"

Peng alifumba macho akafikiri sana. Kisha akaonyesha kwa mikono, akihesabu kwa inchi. "Huku, kama pompe ya pouces sita. Huku chini, pouces nane."

"Tata Peng," Chancelle akamwambia, "ukifika kule, iyo mambo ya pouces usiiseme ata kidogo."

Ikabaki kusema. Nilipanga mazoezi dukani, Jumapili mchana, duka likiwa limefungwa. Beseni la kuogea lilikuwa ziwa, na ngazi iliyolazwa juu ya ndoo mbili ilikuwa daraja. Chancelle alikataa kuwa Suzhen kwa sababu alitaka kuona vizuri. Basi mjomba akajifunga kitenge cha feni mabegani.

"Niko na miaka ngapi?" akauliza.

"Makumi ine na saba," Peng akajibu.

"Basi mutaniheshimu."

Tata Peng alipanda ngazi. Alimtazama mjomba. Alifungua mdomo, akaufunga, akaufungua tena. Uso wake ulikuwa mwekundu kama udongo wa barabara yetu. Mwishowe alishuka, akatoa bisibisi mfukoni, akaanza kuikaza mizani ya mjomba iliyolegea tangu Krismasi.

"Aya," Chancelle akaninong'oneza. "Njo vile ile robinet ya cuisine ilitengenezwa."

Nilivunjika moyo kabisa. Lakini mjomba, ambaye amezoea kuuza vitu kwa watu wasiojua wanachotaka, alivuta kitenge chake vizuri akasema: "Tata Peng, wacha mizani. Ku atelier unasemaka na bafundi yako kila asubui, si njo vile? Unafanyaka namna gani?"

Peng alisimama wima. "Ku atelier iko rahisi. Minasema kitu moya, ninauliza: Tuko? Bote banajibu: Tuko! Ninaendelea. Kama habajibu, siendelee. Njo règlement, sheria ya usalama."

"Bon. Fanya vile. Mi njo atelier."

Peng alirudi kwenye ngazi. Aliweka mikono nyuma. "Suzhen," akamwambia mjomba wangu kwa sauti ya karakana. "Nilikuacha mu nyumba peke yako miaka ine. Tuko?"

"Tuko!" mjomba akajibu.

"Minajua sauti ya kila pompe ya mugodi. Ata usiku, nikiwa ndani ya usingizi, najua ile inagonjwa. Sauti yako, nilianza kuisahabu. Niliogopa. Tuko?"

Mjomba alijifuta pua kwa kitenge cha feni. "Tuko," akasema.

"Robinet niliitengeneza juu sikujua namna gani nitakushika mukono. Tuko?"

"Tuko, tata," tukasema sote watatu.

Tulikuwa tumefaulu, mpaka Chancelle alipouliza swali: kule Hangzhou, nani atajibu? Suzhen hajui hata neno moja la Kiswahili, na hawezi kuambiwa na kuitikia pia. Peng alikunja uso. Bila jibu angekwama neno la kwanza, na pale darajani hakuna mizani, lakini fundi hakosi kitu cha kutengeneza.

"Mi nitajibu," nikasema. "Kwa simu. Kule jua litazama saa kumi na mbili ya jioni, huku itakuwa saa sita ya mchana. Nitakuwa nangoja."

"Kweli, mutaalamu? Ukikosa, pompe inasimama."

Nikaweka mkono juu ya tangi la kile choo, kwa kuwa hakikuwepo kitu kingine cha heshima karibu, nikaahidi: Jumamosi, saa sita kamili, lolote litokee.

Tata Peng alisafiri Jumatano. Alhamisi yake, habari ilifika kutoka mji wa Lubudi. Tata Mukuna, baba mkubwa wa Chancelle, aliyefanya kazi miaka thelathini kwenye gari la moshi, alikuwa amesogeza siku ya mimi kujitambulisha kwa wakwe. Ilikuwa iwe baada ya Pasaka. Sasa itakuwa Jumamosi, saa tatu asubuhi, na atakayechelewa asije.

Nilihesabu. Saa tatu mpaka saa sita ni muda mkubwa. Nikatulia.

Jumamosi saa tatu tulikuwa tumekaa, mimi na mjomba, ndani ya makoti, sebuleni kwa wazazi wa Chancelle. Saa nne tulikuwa tumekaa. Saa tano tulikuwa tumekaa, na mvua ilianza. Tata Mukuna aliingia saa tano na nusu, amelowa, ana punje za mahindi kwenye nywele, kwa sababu lori la mahindi lililomleta lilikuwa limelala njiani. Hakueleza lolote. Alitazama saa ya ukutani kwa chuki, akakaa, akafungua kikao kwa kusoma sheria.

Sheria za kwao ni kama za kwetu. Mchumba hasemi. Mjomba wake ndiye anayesema. Mchumba akifungua kinywa, faini ni mbuzi. Simu ikilia, mbuzi. Na mambo ya ndoa hayasongi mbele mpaka mbuzi wa faini afike Lubudi kwa miguu yake.

Tulikuwa tumepanga kufunga ndoa mwezi wa tano. Kwa mapato ya agensi yangu, mbuzi mmoja ni miezi miwili, kama mwezi unakwenda vizuri.

Mjomba alikuwa bado anawasalimia mababu wa pande zote mbili simu ilipoanza kulia.

"Nani?" Tata Mukuna akauliza.

"Ni muchumba," mjomba akasema kwa huzuni.

"Mbuzi."

Niliitoa mfukoni. Nilipaswa kuizima, na kila mtu mle ndani alingoja niizime. Nikaiweka juu ya goti langu, nikagusa palipo kijani.

Kwenye kioo kulikuwa na daraja la mawe na maji ya rangi ya chungwa. Tata Peng alisimama ndani ya shati lake la feni. Kando yake alisimama mwanamke mdogo mwenye nywele fupi, ndani ya gauni la feni lililomzidi sana, amelifunga kiunoni kwa skafu. Pouces hazikuwa sahihi. Alikuwa anamtazama mumewe kama mtu anayetazama bomba, akingoja lianze kuvuja tena.

Peng alisema sentensi moja ya Kichina. Akaweka mikono nyuma. Akatazama simu.

"Tuko?"

Mvua ilipiga bati. Mjomba alinifinya paja kwa nguvu, na mpaka leo sijui kama alikuwa ananizuia au ananisukuma.

"Tuko!" nikapiga kelele, kwa sababu ya mvua.

"Mbuzi ya mbili!" akasema Tata Mukuna. "Huyu kijana iko na wazimu?"

"Ni kazi yake, tata," mjomba akaeleza. "Iko anaongoza safari ya bwana na bibi ku Chine."

"Akiwa Kolwezi?"

"Ni mutaalamu."

Peng alikuwa ameshaendelea. Sauti ilikuwa ya karakana mwanzoni, sasa ilikuwa inashuka. Nilisikia neno moja ambalo nilidhani ni pampu. Suzhen aliacha kumtazama kwa mashaka na kuanza kumtazama tu.

"Tuko?"

Nilihesabu haraka: mwezi wa tano ulikuwa umekuwa wa saba, wa saba ulikuwa umekuwa wa tisa. Sasa ungekuwa wa kumi na moja. Nikatazama pazia la chumba cha ndani, ambako Chancelle alikuwa amefungiwa mpaka aitwe. Vidole vyake vilitokeza pembeni mwa pazia. Vilifanya ishara ya kusukuma, kama mtu anayesukuma gari lililokwama: endelea, endelea.

"Tuko!"

"Ya tatu!" Tata Mukuna alisimama. "Kabamba, mwambie mutoto wako. Akisema tena neno moya, mi narudia Lubudi leo, ata kwa miguu, na ndoa tutaisema mwaka kesho!"

Mjomba alinigeukia. Alinyoosha tu koti lake.

Kule Hangzhou Tata Peng alisema jambo la mwisho. Lilikuwa refu. Katikati yake alikwama, na niliona mkono wake ukienda mfukoni, kule kunakokaa bisibisi. Nikafumba macho. Nilipofumbua, mkono ulikuwa umetoka mtupu, umeshika mkono wa mkewe. Alifungua kinywa aulize, lakini hakuweza.

Suzhen alimtazama. Akatazama simu, akaniona mimi, ndani ya koti la kuazima, na nyuma yangu safu ya wakwe waliokasirika. Akamgeukia tena mumewe.

"Tuko?" akauliza.

"Tuko," akajibu Tata Peng.

Pengine jibu lake lingetosha. Nimelifikiria sana tangu siku ile, na Chancelle anasema lingetosha kabisa. Lakini niliahidi kwamba Tuko ikiulizwa, nitajibu, na hatukuandika kwenye programu nani atakuwa anauliza.

"Tuko!" nikasema.

Suzhen akacheka. Alicheka akiwa ameinama, ameshika skafu yake ili gauni lisianguke, na Peng alicheka naye, na jua likazama bila mtu yeyote kulitolea neno la kufunga. Kisha picha ikakatika.

Sebuleni Tata Mukuna alikuwa bado amesimama, kofia mkononi, njia ya Lubudi machoni. Akaja taratibu mpaka mbele yangu, akainama juu ya goti langu.

"Ule mama alisema nini?"

"Aliuliza kama tuko, tata," nikajibu.

"Ya ine, na sasa ya tano," akasema Tata Mukuna. Lakini alisema polepole, na hakuifuata kofia yake ilipoanguka. Alivuta kiti karibu, akakaa, akagusa kioo cheusi cha simu kwa kidole chake kinene. "Rudisha lile daraja," akasema. "Mama Chancelle aone."